Ukuta Mlevi

Respicius Lyamba hakuwahi kununua kalamu nyekundu ya kusahihishia. Mdomo ulimtosha. Ukimletea duara alilokuagiza, analishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota soksi isiyo yake, analigeuza huku na huku, halafu anauliza, "Hili yai lilitagwa na kuku gani?" Ukimletea kopo lenye kivuli, anataka kujua kama kivuli ni cha kopo au cha jirani aliyekuja kuazima chumvi. Darasa linakufa kwa kicheko, mwenye kopo anainama, na Jumamosi inayofuata, amini usiamini, kivuli kinakaa pale kinapotakiwa kukaa.

Kwa kazi alikuwa fundi wa mabango. Nusu ya saluni za Nsemulwa, hapa Mpanda, zilikuwa na wanawake aliowachora yeye, wote wenye pua moja, maana pua aliyoijua vizuri ilikuwa ya mkewe Monika. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango. Picha inatoka imekauka tayari, pua za kila aina. Brashi za Respicius zikakosa kazi, naye akafungua darasa la kuchora kwa wanaoanza kabisa: mistari, maduara, maboksi, makopo.

Darasa lilikuwa Misunkumilo, kwenye bani la Mzee Zefania. Bani ni lile jengo refu la kukaushia tumbaku. Mzee Zefania alishaachana na tumbaku, akatoboa madirisha mawili ukutani, akaanza kuliita ukumbi. Moshi wa miaka yote ile ulibaki umeganda kwenye miti ya paa, mweusi kama makalio ya sufuria ya msibani. Jumatano jumuiya walisali humo. Jumamosi Respicius aliwasema watu humo humo.

Nyuma ya ukuta wa nyuma kulikuwa na shimo la tofali. Mpanda nani hana shimo la tofali? Unachimba udongo, unafyatua, unachoma, unajenga, na shimo linabaki hapo likikusubiri. La Mzee Zefania lilikuwa limesogea mwaka hadi mwaka, kwa sababu udongo mzuri ulikuwa upande wa bani. Mvua za mwaka huu zilikuja na hasira. Shimo likajaa mpaka ukingoni, vyura wakahamia, na wakati wa darasa walikuwa wakilia kwa pamoja, kisha wakinyamaza kwa pamoja, kama waliosikia mtu akipita.

Kulikuwa na mambo madogo. Benchi la nyuma lilianza kukutwa na unga mwekundu kila Jumamosi. Walioketi pale waliupuliza na kuendelea. Mlango nao ulianza kung'ang'ania, ukawa haufunguki bila bega.

"Ticha, huu mlango unanenepa," alisema Melkior, kijana wa bodaboda aliyetaka kujifunza kuchora simba kwenye vibati vya matope. "Unakula nini?"

"Unakula nauli unazowaibia abiria. Kaa chini."

Wakacheka. Vyura wakanyamaza.

Siku hiyo zoezi lilikuwa kona. Respicius aliwapanga wakiangalia pale ukuta wa pembeni unapokutana na ule wa nyuma, akawapa kanuni yake ambayo kila aliyepita kwake anaweza kuitamka usingizini: chora unachokiona, usichore unachokijua. Akatembea nyuma yao, mikono mgongoni, akitafuta wa kuanza naye.

Akasimama kwa Rosine. Rosine alikuwa binti wa watu wa Katumba, mpole, aliyemaliza shule na kusubiri nafasi ya chuo cha ualimu wa chekechea. Mkono wake ulikuwa mzito lakini wa kweli. Alikuwa amechora mstari wa kona ukianza chini vizuri, kisha kadiri unavyopanda unaegemea kulia, kama mtu anayetafuta pa kujishikiza.

"Haya jamani, njooni muone," Respicius aliita. "Dada Rosine ametuletea ukuta mlevi. Mama, huu ukuta umetoka kilabu gani?"

Bani lilitikisika kwa kicheko. Melkior alijipiga mapaja. "Ukuta mlevi! Ticha, umpeleke nyumbani huyo, mke wake anamsubiri!"

"Ukuta unasimama," Respicius alisema, sasa kwa sauti ya mwalimu. "Ukuta ukilala unaitwa sakafu. Futa."

Rosine alitazama kona, akatazama karatasi. Akafuta. Na Respicius akasikia kitu ambacho wakati ule alikipenda: darasa zima, vifutio vyote vilikuwa vinakwenda, *fye, fye, fye*, kila mtu kajikunja juu ya karatasi yake. Alidhani ni woga mzuri, ule unaofundisha.

Wiki iliyofuata, kwenye karatasi zile zile, kuta zote zilisimama wima kama askari wa gwaride. Akawasifu, jambo la nadra. Na Melkior alikuwa ameshautembeza utani mjini. Kijiweni, mtu akichelewa kulipa aliitwa ukuta mlevi. Hata Monika aliuleta nyumbani kutoka sokoni.

Lakini Respicius alikuwa na namna yake ya kusahihisha, ambayo hakumfundisha mtu. Alibeba karatasi nyumbani, na kabla ya kuangalia kilichochorwa aliangalia kilichofutwa. Aliinua karatasi mlangoni jua la jioni likiingia kwa ubavu, na mifereji ya penseli ilijitokeza hata pale ambapo macho ya kawaida hayaoni kitu. Alikuwa akisema moyoni kwamba mtu anachora akiwa na adabu, lakini anafuta akiwa na ukweli. Pale alipofuta ndipo alipotazama kwa macho yake.

Jioni ya Jumamosi hiyo, Monika akichambua mchele nje, aliinua karatasi ya Rosine. Chini ya ukuta ulionyooka ulikuwapo ule wa kwanza, ukiegemea kulia. Sawa, huo aliujua. Akachukua ya Melkior. Mfereji ulikuwapo. Kulia. Akachukua nyingine, na nyingine, na nyingine, mpaka zikaisha.

Wanaoanza hukosea. Hilo ndilo lililokuwa likimpa mkate. Lakini kila mmoja hukosea kivyake: huyu mkono unakimbia, yule jicho lina uvivu, mwingine ana njaa. Hawajawahi kukosea wote upande mmoja, kwa kiasi kimoja, kama waliofundishwa.

"Mbona umenyamaza hivyo?" Monika aliuliza. "Umekosa wa kumsema?"

Respicius alizirudia karatasi zote tangu ya kwanza.

Jumapili baada ya misa alikwenda bani peke yake, na uzi wenye nati, ule anaopimia mabango yasikae upande. Mlango aliupiga bega mara mbili. Alipanda benchi, akafunga uzi kwenye mti wa paa, akaacha nati ishuke hadi chini ya ukuta wa nyuma. Akasubiri itulie. Chini, nati iligusa tofali. Juu, kati ya uzi na ukuta, ngumi yake iliingia na kupata nafasi ya kugeuka.

Akainua macho. Miti yote ya paa ilikuwa myeusi kwa moshi, isipokuwa mahali inapoingia ukutani. Pale kila mti ulikuwa na pete nyeupe, mbao safi isiyowahi kuona moshi. Aliitazama kwa muda kabla ya kuelewa. Ni sehemu iliyokuwa imelala ndani ya tofali tangu bani lijengwe. Ukuta ulikuwa unaondoka polepole, na miti ilikuwa inachomoka kama vidole kutoka kwenye glavu. Vichwa vyake vilishikilia ukingo wa tofali kwa kucha tu. Nje, vyura walikuwa kimya.

Aliacha uzi uning'inie, akatoka bila kukimbia, maana aliogopa hata kishindo cha miguu yake.

Alimkuta Mzee Zefania nyumbani kwake, akivuta kiti cha plastiki barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nasikia ukuta wangu unakunywa."

"Mzee, ndicho kilichonileta. Ule ukuta kweli umeegemea. Unaelekea shimoni. Watu wasiingie tena mle."

Mzee Zefania alicheka mpaka akakohoa. "Umeyaona wapi hayo?"

"Kwenye michoro ya wanafunzi. Halafu nimepima."

"Michoro ya hao hao unaosema hawajui kuchora yai?" Mzee alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, mimi na marehemu baba tuliupandisha ule ukuta. Umekausha tumbaku kwa moto miaka na miaka, utashindwa na maji ya vyura? Jumatano jumuiya watasali hapo. Uje na wewe, umwombee ukuta aache pombe."

Alikwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya, Mama Bernadetha, mwanamke wa Kipimbwe asiyependa mzaha. Alipofika tu kwenye neno "ukuta", wajukuu zake waliangua kicheko, naye akakunja uso. "Respi, mambo ya sala usiyaletee utani wako." Akamwambia Melkior, na Melkior akampigia makofi: "Ticha, hiyo ya leo ni noma! Umeikuza!" Akaahidi kuisambaza. Kila alipogusa, alikuta mdomo wake umeshapita pale kabla yake.

Jumanne mvua ilinyesha kutwa. Akaenda kwa Rosine.

Binti alikuwa anaanua nguo. Alimsikiliza mpaka mwisho. Yeye peke yake hakucheka.

"Unataka nifanye nini, mwalimu?"

"Kesho uje kabla ya sala. Usimame nje, uuchore tena. Mzee Zefania hatanisikiliza mimi. Wewe hujawahi kumtania mtu."

Rosine aliikunja kanga taratibu. "Nichore ninachokiona, au unachokitaka mwalimu?"

"Unachokiona," Respicius alisema. "Sitagusa."

Jumatano mawingu yalikuwa yamekaa chini, yana rangi ya risasi. Watu walikuja na miamvuli na vitabu vya nyimbo, wakamkuta Respicius amesimama mlangoni amekunja mikono.

"Leo tunasali nje, wazee wangu. Nawaomba."

"Mlevi yuko ndani?" mtu aliuliza nyuma, na kicheko kikapita kati yao kama bakuli la karanga. Matone ya kwanza yakaanza. Mama Bernadetha alisema watoto watalowa. Melkior, aliyemleta abiria, alikunja mikono ya shati.

"Ticha, pisha. Huyu mlango nimemzoea, anataka bega."

"Melkior, usiguse!"

Sauti ile hawakuijua. Haikuwa na chembe ya utani ndani yake, na watu walikuwa hawajawahi kumsikia Respicius bila utani. Ilikuwa kama kumuona mtu bila meno. Melkior alibaki bega likiwa hewani. Kicheko kilikufa chenyewe. Na hapo wote wakasikia, kutoka ndani, mlio mdogo wa mti unaojigeuza.

Rosine alikuwa pembeni, mahali unapoona bani kwa ubavu, karatasi juu ya ubao, kanga kichwani. Alimaliza mstari wake. Hakumpelekea Respicius. Alimpelekea Mzee Zefania, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake chini ya upenu wa bani, karibu kuliko wote, kuonyesha kwamba haogopi.

"Shikamoo babu. Hivi ndivyo ninavyouona."

Mzee aliishika karatasi. Matone yaliiangukia, na ule mstari ukabaki pale pale, ukianza chini vizuri, kisha ukiegemea. Akamtazama Respicius, kana kwamba anasubiri asahihishe.

"Hauna kosa, mzee," Respicius alisema. "Hata wa kwanza haukuwa na kosa."

Mzee Zefania aliinuka. Alisogea hatua chache hadi pale Rosine alipochorea, akatazama bani kwa ubavu, kisha karatasi, kisha bani. Midomo yake ilicheza bila sauti, kama mtu anayeongea na baba yake. Akarudi, akanyanyua kiti cha plastiki, akakiweka kichwani dhidi ya mvua, na akaanza kutembea kuelekea barabarani. Mama Bernadetha aliwashika wajukuu mikono. Wengine wakafuata, wakirudi nyuma kinyumenyume, macho kwenye ukuta.

Respicius alibaki wa mwisho. Kwenye ufa wa mlango aliona uzi wake wa Jumapili bado unaning'inia. Ndani hakukuwa na upepo, lakini nati ilikuwa inacheza.

Akageuka, akakimbia. Alipofika barabarani kwa wenzake, nyuma ya bani tofali la kwanza lilidondoka kwenye maji, *chubwi*, na vyura wote wakanyamaza.