Kipande cha Kwanza cha Bibi Rosa

Jamani, leo nimevalia viatu mlangoni kwa watu huku nalia.

Kazi yangu ni kumhudumia Bibi Rosa, mzee wa Kitaliano, nyumbani kwake Harrow, huku ughaibuni. Juzi alinielekeza keki ya Krismasi ya kwao: lozi, asali, maganda ya machungwa, karafuu, na pilipili manga!

"Kipande cha kwanza nionje mimi," akasema.

Nikaioka kwangu, leo nimeipeleka. Mwanawe akafungua mlango: mama kafariki alfajiri.

Nikavua viatu niingie, nikae nao msibani. Si ndivyo tunavyofanya?

Akasema, "Asante. Niachie tu ufunguo wa nyumba."

Nikavaa viatu, yeye kasimama ananitazama. Keki hata sikuitoa mfukoni.

Sasa iko mezani kwangu, wanangu wameshika visu.

Kipande cha kwanza nimpe nani?