Shamba la Masika mbele ya jury

Siku yangu ya kwanza kama assistant, yaani mwalimu msaidizi wa uchumi, kwenye institut moja ya Butembo, Chef de section, mkuu wa idara yetu, alinipokea mu bureau yake, akanipa chaki na somo la optimisation. Kabla sijaenda darasani, akaniambia: "Hapana kuogopesha banafunzi na hesabu. Bajue kwanza banatafuta nini."

Maneno yale yalinisaidia maisha yote. Optimisation ni kutafuta njia iliyo bora kuliko zote kwa kile ulicho nacho. Unaandika fonction objectif, yaani kile unachotaka kizidi; kisha contraintes, yaani mambo yanayokubana: ardhi, mikono ya kazi, mvua. Wakati wetu yote yalifanyika ubaoni, na vumbi la chaki lilinifuata hadi kanisani.

Baadaye nilihamishiwa Beni. Huko nilipewa kumsimamia Masika, binti wa wakulima wa Mabalako. Alikuwa anaandika TFC yake, ile kazi ambayo mwanafunzi anaitetea mbele ya jury ya walimu ili apate diploma. Alichagua shamba la kwao: wagawe vipi ardhi kati ya kakao, mihogo na ndizi ili wapate faida kubwa? Hesabu ilitoka safi kabisa: kakao kila mahali. Mimi nilifurahi. Yeye akaniuliza kwa heshima, "Chef, sasa kwetu batakula nini?"

Nilimjibu kwamba watanunua chakula sokoni. Akasema mvua ikikata barabara, soko linakuwa tupu. Donc akaongeza contrainte: sehemu ya shamba ibaki kwa chakula cha nyumbani. Faida ikashuka. Tulibishana sana, maana niliogopa jury itasema ameharibu jibu zuri, na kwao walikuwa wameamua: akishindwa, atarudi shambani ili mdogo wake naye asome.

Siku ya défense, yaani ya kuitetea ile kazi, Profesa visiteur, mgeni aliyekuwa mkubwa wa jury, mtu asiyecheka ovyo, alisimama kwenye ukurasa wa contrainte ile. Akauliza contrainte hiyo ilitoka kwa mwandishi gani.

"Hapana mu kitabu, Profesa," Masika alijibu. "Niliitoa mu sahani yetu."

Nikatazama viatu vyangu. Profesa akamwita ubaoni, atafute multiplicateur, yaani faida wanayoikosa kwa kila kipande cha ardhi wanachokiachia chakula. Masika akapiga hesabu bila kusita, hadi mwisho.

Profesa akavua miwani. "Sasa najua mihogo ile inabagarimu nini," alisema. "Na mimi pia ningeipanda."

Walimpa distinction, alama ya juu. Mama yake, aliyekuwa amekaa nyuma na kitenge kipya, alipiga vigelegele hadi Secrétaire académique, katibu wa chuo, akachungulia mlangoni.

Leo nimepumzika nyumbani, Vulamba. Nyinyi vijana muna ordinateur, kompyuta inayotoa jibu mara moja, na ninawaonea wivu kidogo. Ila swali bado mutalitafuta wenyewe, na humo ndimo nilimopata furaha ya kazi hii.

Mwaka niliostaafu, Masika, ambaye naye alikuwa amekuwa mwalimu, ndiye aliyechukua darasa langu. Alinialika kwenye somo lake la kwanza, akanikalisha nyuma. Hakuandika kitu ubaoni. Aliwauliza wanafunzi kwao wanalima nini. Wa Kalunguta wakaanza kutetea maharagwe yao, wengine wakawapinga, darasa likachemka. Kengele ililia, hakuna aliyeinuka. Mimi nilikuwa nimenyoosha mkono, nikingojea zamu yangu ya kusema.