Padri Aliyekataa Kubebwa

Padri wetu hakuwa mtu wa kukaa. Alikula amesimama, alisikiliza mashauri ya ndoa huku akiupima ukumbi kwa miguu, na mahubiri yake aliyatoa akitembea kati ya mabenchi, watoto wakigeuza shingo kumfuata kama kuku wanaomfuata mwenye mtama. Akina mama wa kwaya walisema ana siafu kwenye viatu. Mimi, mwenyekiti wa baraza la parokia na mwalimu mkuu wa shule ya jirani, sikuipenda tabia hiyo. Niliamini, na bado naamini, kwamba mtu asiyeweza kutulia ana jambo analolificha.

Alizaliwa Ayalandi, kisiwa cha mvua, katika familia ya wakulima ambao mababu zao walifukuzwa mashambani na mabwana waliotoka ng'ambo. Kiswahili alikipata upande wa Tanzania wa ziwa letu, katika kambi za wakimbizi za Kigoma, ambako mimi nilizaliwa na kusomea. Tuliporudi Burundi, naye akatufuata. Tukawa wageni wawili hapa kando ya ziwa, yeye kwa rangi yake, mimi kwa lafudhi. Hata leo, nikinunua ndagala, yaani dagaa, sokoni Rumonge na kupanga maneno yangu sawasawa, muuzaji huniuliza nimetoka Tanzania lini, kana kwamba nimeshuka jana. Miaka imepita, nina nyumba na shamba la michikichi, na bado nalala kama mtu aliyesahau mzigo wake njiani.

Katika nyumba ya mapadri palikuwa na picha ya kale. Mzungu mwenye kofia ngumu amejilaza kwenye machela, wanaume wanne wamembeba mabegani, na nyuso zao zimekatwa na ukingo wa picha. Padri hakuiondoa. Aliihamisha akaitundika mbele ya meza yake.

"Hii ni ya kunikumbusha, mwalimu," aliniambia. "Mimi sitabebwa na Mwafrika hata siku moja. Kwetu pia tulibeba mabwana wa namna hii."

Nilimheshimu kwa neno hilo. Sikujua litakuja kutusumbua.

Kwenye milima iliyo juu ya Minago, mahali ambapo pikipiki hushindwa, mgonjwa hubebwa kwa ingobyi, kitanda cha mianzi iliyosukwa, kilichofungwa kwenye miti mirefu inayolala mabegani mwa wanaume. Kila kilima kina kundi lake la wabebaji, na kila mwanamume ana zamu. Anayekwepa zamu bila sababu, siku mke wake atakaposhikwa na uchungu ataita mpaka sauti imkauke. Padri aliomba kuingizwa katika kundi hilo mwaka aliofika. Kwa urefu wake aliinua upande mmoja, mgonjwa akaanza kuteleza, hadi mkuu wa wabebaji alipogundua kwamba akiwekwa mbele wakati wa kuteremka, kitanda hukaa sawa. Tangu hapo nafasi ya mbele ikawa yake. Alibeba wajawazito, alibeba wazee, na mara nyingine walibeba mtu aliyekata roho kabla ya kufika barabarani.

Asubuhi moja ya masika tulipanda, yeye na mimi, kumpaka mafuta matakatifu mzee mmoja mgonjwa. Wakati wa kurudi alinitangulia, kama kawaida yake. Karibu na mahali pa kukamulia mawese, makapi ya chikichi yalikuwa yametapakaa njiani, yameloa. Nilimwona akiteleza, kisha nikasikia sauti ambayo ningependa kuisahau. Nilipomfikia alikuwa ameketi kwenye matope, uso wake una rangi ya unga wa muhogo.

Mkuu wa wabebaji, ambaye ndiye mkamuaji wa pale, alitoka na mikono yake iliyokolea wekundu wa mafuta.

"Leteni ingobyi!"

"Hapana," padri alisema. "Nipeni fimbo."

"Fimbo ya kufanya nini, Patiri? Ule muguu iko inaangalia Kongo."

Kweli ulikuwa umegeukia nje, upande wa ziwa. Padri akauliza kuhusu pikipiki. Akajibiwa kwamba mvua imekula njia. Akajaribu kuinuka, jasho likamtoka, akarudi chini. Huko barabarani dereva wa parokia alikuwa akingoja na gari, na hospitali ilikuwa mbali. Kila dakika aliyoipoteza ilikuwa inaula mguu ule, labda na mwenye mguu. Nilichutama karibu naye.

"Padri, hii si ile picha."

"Ni ileile. Mzungu juu, watu chini. Hesabu mabega, mwalimu."

Nilimwambia kwamba unyenyekevu unaotoa kila siku na usiotaka kupokea ni kiburi kilichovaa kanzu. Nilimwambia mengine mengi, kwa mpangilio mzuri. Alifumba macho.

"Mwalimu, kawahubirie mbuzi."

Watu walikuwa wamekusanyika. Mjane mmoja, mwenye shamba lililopakana na njia, aliweka jembe lake chini akaja kusimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Weye Patiri. Bwana yangu alipokuwa anakufa, nani alimubeba mbele?"

"Mimi, mama."

"Nilisema muzungu asimuguse?"

"Hukusema."

"Nikakuacha ushike. Sasa mikono ya bale banaume iko na upele?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Sikia vizuri. Ukikataa leo, bega lako ondoa kwetu. Siku tutabeba mutu mwingine, bakia kwako na misale yako ya misa. Hatubebwi na mutu asiyebebeka."

Padri akalitazama ziwa lililoonekana kati ya michikichi, rangi ya kahawia ukingoni, pale maji yalipopanda na kumeza nyumba za wavuvi. Vidole vyake vilikuwa vinachimba matope.

"Leo ni zamu ya nani?" aliuliza hatimaye.

"Yako," mkuu wa wabebaji alijibu. "Umechagua siku mubaya ya kuwa muzigo."

Padri alianza kucheka, maumivu yakamkatiza. "Basi," akasema. "Nibebeni."

Mwenye urefu wa kukaa mbele alikuwa amelala kitandani. Nikasogea mimi, kwa kuwa ndiye niliyemkaribia kwa kimo. Nilikuwa nimeshika zamu mara nyingi kabla ya siku hiyo, lakini daima nyuma, na sasa nikafahamu kwamba mbele uzito wote wa mteremko humshukia mtu mmoja. Na mgonjwa wetu hakutulia. Alijigeuza, alinyoosha shingo, alitoa amri.

"Mwalimu, hatua fupi! Kisigino kwanza!"

"Mugonjwa hana neno," mkuu alimkemea. "Patiri, nyamaza tukubebe."

Kwenye kona iliyofuata akaanza tena.

Tulipomtua kando ya barabara na dereva akaanza kutandika mablanketi garini, wabebaji hawakuondoka. Desturi ni kwamba ndugu wa mgonjwa huwapa wabebaji pombe ya ndizi, naye huionja kwanza mbele yao.

"Ndugu ya mugonjwa iko wapi?" mkuu aliuliza.

Padri aligeuza uso. Ndugu zake walikuwa ng'ambo ya bahari, kwenye kisiwa ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiona. Mimi ndiye niliyepiga marufuku pombe katika mikutano yote ya parokia, na sababu zangu zilikuwa nzuri. Bado ni nzuri.

"Niko hapa," nilisema.

"Eeh! Muzungu na mwalimu, mama mumoja!"

Nililetewa kidumu kutoka kibanda cha jirani. Nikaonja. Walipiga makofi jinsi uso wangu ulivyokunjamana, na padri, akiwa tayari garini, alicheka akishika ubavu.

Alipasuliwa mguu Bujumbura. Tangu siku hiyo kila niliyekutana naye kati ya Minago na Gatete aliniuliza, "Amahoro, mwalimu. Mugonjwa wenu anaendeleaje?" Wenu. Neno hilo lilinifuata mpaka darasani, nikashindwa kuketi kwenye kiti changu.

Kisha akanipigia simu.

"Wakubwa wa shirika letu la mapadri wanataka nirudi kwetu nikapumzike. Nimewaambia lazima nimuulize ndugu yangu."

Nilikuwa nimeanza kuuzunguka uwanja wa shule bila kujitambua. Wanafunzi walikuwa wakigeuza shingo.

"Zamu yako imekuja mara mbili," nilimwambia, "na zote nimezishika mimi. Mkuu ameanza kuniita Patiri. Sipendi."

"Daktari amesema sitabeba tena."

"Asiyebeba hutangulia, aondoe mawe na makapi njiani. Kazi hiyo haina mtu."

Nikasikia, kule Bujumbura, fimbo ikigonga sakafu, ikienda na kurudi.