Nilisoma kwa Jina la Kabula

Siku ile Kabula alipotokea mlangoni na ndoo ya unga kichwani bado inanijia, mwanangu. Inanijia nikichambua mchele, inanijia nikiwa kanisani watu wanaimba. Sikusimulii ili unihurumie. Nimesikia umechaguliwa kuingia kwenye yale madarasa ya kuwaandaa watoto wa huku kwetu kwenda vyuoni, nikafurahi sana, halafu nikakumbuka kwamba na wewe unaniita Mwalimu Kabula kama wanavyoniita wote. Mimi siyo Kabula. Mama yangu alinizaa akaniita Minza. Kaa vizuri nikueleze, na usinikatize, maana nikikatizwa nitaogopa kumaliza.

Nilifanya mtihani wa darasa la saba kijijini kwetu, upande wa Kahama, nikafeli. Wakati ule, miaka ya sabini, nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Shule ikitoa mtoto mmoja, kijiji kizima kinasherehekea. Aliyekosa alirudi kwenye pamba, basi. Nililia siku tatu bila kula. Baba yangu, mkulima asiyejua kuandika hata jina lake, hakuweza kuvumilia kilio changu. Akabeba debe la karanga akaenda kuongea na mwalimu mkuu wa shule moja ya mbali. Aliporudi akasema, "Minza, futa machozi. Utarudia darasa. Ila kule utaitwa Kabula Luhende."

Usinitolee macho hivyo. Ndivyo watu walivyokuwa wakifanya. Kurudia darasa kulikatazwa, kwa hiyo mtoto aliyefeli alipelekwa shule asikojulikana, akapewa jina la mtoto aliyeacha masomo ambaye bado yumo kwenye daftari la mahudhurio. Wanafunzi waliojua walinyamaza, kwa kuwa na wao kaka zao walisoma vilevile. Tuliona ni ujanja mzuri tu. Jina limekaa bure, tulisema, bora lipate mtu wa kulitumia. Mwenye jina yuko wapi na ana mawazo gani, hilo hakuna aliyeuliza.

Mwenye jina alikuwa kwao, ng'ambo ya mbuga, akimuuguza mama yake. Baba yake, mzee Luhende, alishafariki. Mama alijifungua vibaya, miguu ikakataa kumbeba, na Kabula ndiye aliyekuwa mkubwa. Akaacha shule ili awapikie wadogo zake na kumgeuza mama kitandani. Alikuwa akishika namba ya kwanza kila muhula, na mimi hiyo namba ya kwanza niliwahi kuisikia kwa watu tu.

Nikahamia kule, nikakaa kwa shangazi. Baba akija kunitazama shuleni ilibidi nimwite mjomba, kwa sababu Kabula Luhende hakuwa na baba. Mara ya kwanza nilipomwita hivyo alicheka. Mara ya pili hakucheka.

Sasa pale shuleni alikuja mwalimu mpya, Mwalimu Yohana, mtu wa Ukerewe, mfupi, mwenye sauti ya kumfaa mtu mrefu. Hakuijua siri yetu. Alikuwa amegundua jambo moja lililomnyima raha. Watoto wachache wa huku waliowahi kuchaguliwa walifika sekondari, halafu kabla mwaka haujaisha wakarudi nyumbani. "Hawakukosa akili," alikuwa akituambia. "Walikosa mtu wa kuwaambia kule kukoje." Basi akaanzisha kambi wakati wa likizo. Tulilala madarasani kwenye mikeka, tukachangia unga, maharage na michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa, na yeye akatufundisha mambo ambayo hayakuwamo kwenye kitabu chochote.

Alisoma habari haraka bila kurudia, tukazoea kuandika yale ya muhimu tu. Alitukalisha tule chakula kimoja na watoto tusiowajua. Alitufundisha kujaza fomu, kupanga ratiba yetu wenyewe, na namna ya kukaa na hamu ya nyumbani bila kufunga mzigo. Zaidi ya yote alitufundisha kusimama na kusema. Wewe unafikiri hilo ni dogo! Kwetu binti alilelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa na kuongea akiulizwa. Mwalimu Yohana alisema huko mbele, mpaka chuoni, asiyesema ataachwa. "Mimi sitaki mfaulu mtihani tu," alisema. "Nataka mmalize chuo." Tukacheka, maana hakuna kati yetu aliyewahi kuona chuo.

Ndipo akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wazazi kwamba hata watoto walioacha masomo waje, watapokelewa. Habari hiyo ikavuka mbuga. Mama yake Kabula alikuwa ameanza kutembea kwa fimbo, na alipoisikia akamwambia bintiye, "Nenda, mwanangu. Nimekuchelewesha vya kutosha."

Wiki hiyohiyo fomu za mtihani zilikuwa zinajazwa. Jina moja, mtoto mmoja. Asubuhi ile somo letu lilikuwa kujitambulisha mbele ya watu wageni, na zamu yangu ikafika. Nikasimama nikanyoosha shingo, nikatoa sauti: "Naitwa Kabula Luhende. Nataka kuwa mwalimu." Wenzangu wakapiga makofi. Mlangoni alikuwa amesimama binti mwembamba, vumbi la njia mpaka magotini, na ile ndoo ya unga kichwani. Alikuwa amesikia yote.

Hakupiga kelele. Alitua ndoo, akapiga magoti, akamwamkia mwalimu kwa heshima yote. Kisha akanitazama mimi, akasema, "Na mimi je?"

Mwalimu Yohana akamuuliza jina, akajibu ni Kabula Luhende, naye akatupeleka wote wawili ofisini. Mwalimu mkuu hakuinua hata macho kutoka kwenye daftari. "Kabula ni huyu," alisema, akinionyesha kwa kalamu. "Huyo mwingine simfahamu. Atakuwa amekosea shule." Kabula alikuwa amepiga magoti tena pale sakafuni. Mwalimu Yohana akamtazama, akanitazama mimi, na nafikiri alielewa palepale. Akachuchumaa mbele yangu.

"Binti, nakuuliza mara moja tu. Ukisema kweli hakuna atakayekuchapa. Nitakwenda mwenyewe wilayani, nitawatafutia njia wote wawili. Wewe ni nani?"

Mwanangu, nilimwamini. Hapo ndipo paniumapo mpaka leo. Ningekuwa sikumwamini ningepata cha kujitetea. Nilimwamini kabisa, lakini nikafanya hesabu yangu ya haraka: ikipatikana nafasi moja tu, ataipata huyu mwenye akili, na mimi nitarudi kwenye pamba. Nikanyoosha shingo vilevile kama nilivyofundishwa, nikasema, "Mimi ni Kabula."

Yeye hakubisha. Angebishaje? Alikuwa binti wa nyumbani, mbele yake yupo mwalimu mkuu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anaruhusiwa kusimama na kusema. Mimi nilikuwa na wiki mbili za kufundishwa kusema, nikazitumia kumnyamazisha ambaye hajafundishwa. Akainuka, akapangusa magoti. Akasema, "Huo unga wale wenzangu," akaondoka. Tuliula unga ule siku kadhaa. Mimi pia niliula.

Mwalimu Yohana hakunichapa wala hakunisema kwa mtu. Aliendelea kunifundisha kwa bidii ileile, akasahihisha kazi zangu mstari kwa mstari. Lakini tangu siku hiyo hakuniita tena jina lolote. Alisema "wewe binti," au alininyooshea chaki. Bora angenichapa, jamani! Siku tulipoondoka kwenda sekondari alinipa mkono akasema maneno machache tu: "Nimekuandaa wewe, nikamkosa yule. Usione ni ushindi wangu."

Nikasoma. Kidato cha kwanza mpaka cha nne, nikapanda cha tano, nikaenda chuo cha ualimu. Yale ya kambini yalinisaidia kila mahali. Wenzangu wengine walilia na kukimbia, mimi nilijua la kufanya. Siku ya kumaliza chuo baba alisafiri kutoka Kahama amevaa koti la kuazima. Alikaa akasikia bintiye anaitwa kwa jina la mwanamume mwingine, na watu wanapiga makofi. Na yeye akapiga. Alipokufa, walimu wenzangu walikuja msibani, na mmoja akanong'ona kwa mwenzake, mbona Kabula analia hivi kwa ajili ya mjomba? Niliyasikia hayo nikiwa mkekani. Lo! Hata kumlilia baba yangu nilikuwa nimejinyima haki.

Kazi ikanipeleka Geita. Na mimi nikafungua kambi wakati wa likizo, ya mabinti, kama ile ya Mwalimu Yohana, nikidhani nalipa kitu. Miaka ya themanini wachimbaji wadogo walikuwa wamejaa Rwamgasa, na watoto wao walishinda kwenye vifusi. Nikaenda huko kuwatafuta. Palikuwa na kina mama wamekaa chini, kila mmoja na kinu cha chuma, wanatwanga mawe yaliyotoka shimoni ili yasagike na kuoshwa dhahabu. Mmoja aliinua uso. Nikamjua, na yeye akanijua.

"Karibu, Kabula," aliniambia. Hakusema kwa hasira. "Kaa. Mimi hapa wananiita Mama Shija."

Nikaanza kulia na kuomba msamaha, maneno yote yakija kwa pamoja. Akaniacha nilie mpaka nikachoka. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea kabisa.

"Niambie huko chuoni kulikuwaje."

Nikamweleza. Nilikaa pale mpaka jua likapinda. Nilimweleza mabweni, kengele ya alfajiri, maktaba, baridi ya maji ya kuoga. Akawa anatwanga na kusikiliza. Alicheka niliposema mwalimu mmoja alikuwa anasinzia katikati ya somo lake mwenyewe. Kisha akasimamisha mtwangio.

"Nilifaulu?" aliniuliza.

"Ulifaulu," nikasema.

"Nilifaulu vizuri?"

"Ulifaulu vizuri."

"Mama angefurahi," akasema, akaendelea kutwanga.

Pembeni yake alikuwa binti yake, Shija, akisoma kipande cha gazeti kilichofungiwa chumvi, midomo inacheza. Nikaona hapa ndipo pa kurekebisha. Nikamwambia Kabula, nipe Shija, nimwingize kambini, nimwandae mwenyewe, nitamfikisha chuo kwa mikono yangu. Akajaza kinu mawe mengine.

"Huko kwenu mtoto akifika anaandikwa kwenye daftari?"

"Ndiyo, lazima aandikwe."

"Hapana," akasema. "Jina moja mlishachukua. Hili la Shija niachieni."

Nilirudi juma lililofuata, na lililofuata tena. Mara ya pili kinu hakikuwepo. Majirani wakasema wamehamia machimbo mengine, wengine wakataja Bulyanhulu, wengine hawakujua. Nilitafuta miaka mingi. Shija sikumwona tena, na sijui kama alisoma. Mmoja nilimnyima shule kwa kinywa changu, wa pili akaikosa kambi yangu kwa sababu mama yake alikuwa na haki ya kutoniamini. Hilo ndilo darasa langu mimi, mwanangu, na nimelifundisha kwa aibu.

Basi nisikilize. Huko unakokwenda watakuandaa vizuri: watakufundisha kusoma, kuandika, kusimama na kusema. Chukua yote, usiache hata moja. Lakini sauti watakayokupa, usiitumie kumfunika mwenzio ambaye hajapewa. Ukiambiwa nafasi ni moja na mko wawili, sema ukweli wako, ukose ukikosa. Kurudi kwenye pamba hakuui mtu, nimeona waliorudi wakaishi na nyuso zao. Na siku ukiwa wewe ndiye unayewaandaa wengine, usihesabu waliomo darasani peke yao. Uliza nani hayupo, umfuate hadi kwao, na kama ulishamkosea mwendee mapema kabla hajapoteza imani na milango yote. Mimi nilichelewa. Nilikwenda nikiwa na cheti mkononi na maneno mengi, wakati yeye alishajifunza kuishi bila sisi.

Ukimkuta mahali mama mzee aitwaye Mama Shija, mpigie magoti kwa niaba yangu.

Sasa lete kichwa chako hapa. Mungu akutangulie njiani, akupe walimu wanaokujali, akupe afya na usingizi mzuri katika nchi ya wageni. Ufaulu kwa akili zako. Na siku watakapokuita mbele ya watu, waite jina alilokupa mama yako, baba yako akae pale asikie, na ajue kwamba ni wewe.