Mémoire yangu ya kaboni, na maziwa ya Mama Furaha yenye ilikatala kuganda

Wakuu, kaka na dada, salamu toka Masisi. Hii yote ilinipata mie mwenyewe, na shahidi ni mama yangu.

Mie nilikuwa finaliste wa chimie, mwaka ya mwisho ku université. Mémoire yangu, ile kitabu ya kumaliza masomo, ilikuwa simulation, hesabu ya kuigiza kwa kompyuta: unaweka mu ordinateur molekuli ya humus, ile ya majani yenye kuoza yenye inapatiaka mito ya Walikale rangi ya chai. Pembeni yake unaweka karatasi ya kaboni, unene wa atomu moja, vyote mu maji. Ordinateur inahesabu kama vitashikana.

Vikishikana, labda siku moja kaboni itatusafishia maji.

Hesabu moja inakula siku sita bila kuzima. Nikaenda kuifanyia kwetu Masisi, juu kule kuko kourant, umeme ya turbine yenye haizimikake.

Sasa, mwenye hajafika Masisi ajue kuko milima na baridi. Maziwa inakawia kuganda ikuwe mashanza, ile mutindi yetu.

Siku ya pili nakuta bidon ya maziwa nyuma ya ordinateur, pale penye hewa ya moto inatokeaka. Nilikasirika. Mama akanijibu polepole kama ile joto inapotea bure.

Kesho yake mashanza ilikuwa nzito, tamu sana.

Siku ya nne jirani yetu Mama Furaha akaleta bidon yake. Kisha mama wawili wa chorale ya kanisa. Kila mwenye anaingia anaangalia écran, anauliza, "Imekamata?" Sikujua kama ni maziwa ao molekuli.

Siku ya sita, molekuli ikakamata kaboni. Nikazima, nikaanza kuandika conclusion na furaha yote.

Maziwa ya Mama Furaha, bila ile joto, ikakatala kuganda. Wale mama watatu wakakuja, wakakaa kwa banc.

Mama akaniambia, "Mutoto yangu, rudilia hesabu."

Nikamueleza kama jibu niko nayo tayari.

"Jibu yako sijaikatala. Rudilia."

Nikarudilia mara nne, kila mara molekuli inaanzia fasi ingine. Wakuu, mara zote nne ilifika, ikagusa kaboni, ikajiendea zake mu maji. Ile ya kwanza ilikuwa bahati tu.

Conclusion yote nikafuta. Mama akanipa kikombe ya mashanza.

Kwa défense, siku ya kutetea mémoire, professeur mumoja wa jury akauliza juu ya nini nilihesabu mara tano, wakati wengine wanafanyaka moja.

Nikasema, "Professeur, maziwa ilikuwa haijaganda."

Professeur akaandika kitu. Kisha akauliza kama joto ya maziwa ilikuwa degré ngapi. Sikuipima. Njo pale walinikata points.

Lakini nilipita.

Nimejifunza hivi: usiamini hesabu moja, zaidi sana ikikupatia jibu yenye unapenda.

Mama sasa ananisukuma kwa doctorat. Anataka molekuli kubwa, yenye itakula mwezi muzima.

Wenye munafanyaka simulation humu: munarudilia mara ngapi, na nani anawalazimisha?