Matanga ya Jogoo wa Chemchemi

Kikundi chetu cha kutunza chemchemi, huku upande wa Malava, kilinipa kazi ya kuendesha ukurasa wake mtandaoni kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na simu yenye kioo kizima. Nikajiona nimefika. Niliandika mambo mazito: maji ni uhai, ndugu zangu, tutunze vyanzo vyetu. Nikaweka na picha ya glasi ya maji. Laiki zilikuwa tatu: ya mwenyekiti wetu, yangu mwenyewe, na ya bwana mmoja aliye Qatar ambaye huandika "Amina" chini ya kila kitu, hata matangazo ya viatu.

Niliudhika. Mimi ni mwepesi wa kuudhika na sioni haya kusema. Chemchemi ilikuwa inakufa tukiitazama. Mtaro ulikuwa umeziba, tope limekaribia mdomo wa bomba, na masika yalikuwa yananyemelea. Mvua ingetukuta hivyo, kijiji kizima kingekunywa matope. Nikatangaza siku ya kuchimba mtaro. Tulifika mimi na mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye magoti mabovu. Tukatazamana, tukarudi kwake kunywa chai, maana boma lake liko hapo juu tu ya chemchemi.

Siku moja, kwa hasira tu, nikampiga picha jogoo wake akiwa amesimama juu ya bomba, kifua mbele, kama fundi aliyelijenga. Nikaandika: "Huyu ndiye mwanachama pekee anayehudhuria mikutano."

Mungu wangu! Watu walicheka mpaka bando zikaisha. Tangu hapo wakamtaka jogoo asubuhi na jioni. Ameamkaje? Ana wake wangapi? Bwana wa Qatar akaandika sentensi nzima. Lakini nikichomeka neno "mtaro" katikati ya habari za jogoo, kimya.

Halafu tukapata mgeni kutoka shirika moja la mjini. Mgeni huku haondoki bila kula ingokho. Kumwandalia mboga tupu ni sawa na kumfukuza. Mwenyekiti akachinja kuku, akapika, mgeni akapewa firigisi yake kwa heshima. Nikapiga picha ya sahani pamoja na kilima cha obusuma, ugali wetu, nikaandika, "Tumempokea mgeni wetu vizuri." Nikazima simu nile kwa amani.

Nilipoiwasha nilikuta msiba.

"Mmemchinja!" "Bwana alitoa, Bwana ametwaa." "Poleni familia. Mazishi ni lini?"

Na jogoo mwenyewe alikuwa hapo mlangoni, anadonoa kamba za viatu vyangu. Aliyechinjwa alikuwa kuku jike mzee, aliyeacha kutaga zamani, ambaye hakuna mtu mtandaoni aliyemjua wala kumlilia. Nikaanza kuandika haraka kusahihisha mambo. Mwenyekiti akanishika mkono.

"Wewe mtoto, ngoja kwanza. Wanauliza nini?"

"Wanauliza mazishi ni lini, Mama."

"Na kwa matanga watu wanakujanga na nini?"

"Na viti."

"Na vijana?"

Hapo nikaanza kumwelewa. Huku kwetu vijana hawaendi msibani mikono mitupu. Hubeba majembe, wakachimbe kaburi.

"Andika Jumamosi," akasema. "Usiandike kitu ingine. Hujasema nani amekufa, sasa uongo iko wapi?"

Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yeye pale. Nikaandika: "Jumamosi, saa tatu, kwenye chemchemi."

Walikuja! Walikuja na viti vya plastiki vichwani, na birika za chai, na ngoma za isukuti, na majembe mengi kuliko kaburi la jogoo lingeweza kuhitaji. Nusu yao walikuwa wanacheka na nusu, naapa, walikuwa na huzuni. Mzee mmoja ambaye hajawahi kukanyaga mkutano wetu hata mmoja aliomba kuongea kwa niaba ya majirani.

"Marehemu alikuwa anaamkanga mapema," akasema, kofia mkononi. "Hakuwa na ubaguzi. Watoto wake wako kwa kila boma."

Wakati huohuo marehemu, niliyekuwa nimemfunika kwa tenga jikoni, akawika.

Ngoma zikakatika. Mzee akatazama mbinguni kwanza, halafu jikoni. Mwenyekiti akasimama, mkono mmoja gotini.

"Watu wangu, marehemu amepona. Asanteni kwa kuja. Sasa hii majembe mmebeba, mtarudisha nyumbani safi namna hiyo?"

Kijana mmoja akapiga kelele kwamba tumewatapeli, lakini alikuwa anacheka, na ndiye aliyeshuka wa kwanza. Wakachimba kwa ngoma. Tope likatoka, mtaro ukafunguka, na jioni maji yakaja meupe. Mwenyekiti akakinga kiganja, akanywa, akafuta macho kwa ncha ya leso.

"Hii ndio maji nilikunywa siku niliolewa hapa," akasema. Na mimi, mwenye hasira zangu zote, nikalia.

Akakaa kidogo kwenye kiti cha matanga.

"Mwezi ujao tunapanda miti," akasema. "Lakini jogoo hawezi kufa mara mbili. Watu wameerevuka."

Kisha akanitazama polepole, kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Kwani wewe, watu wanakupendanga huko mtandaoni?"

Nikazikumbuka laiki zangu tatu, na kwa mara ya kwanza nikazishukuru.