Bi Alama na baiskeli iliyovuta kushoto

Saa nne kasorobo asubuhi, na chumba kimeshafurika. Viti vya plastiki vimekwisha, waliochelewa wamekalia kreti za soda, na mlangoni watu wananyoosha shingo kana kwamba ndani kuna harusi. Mbele kabisa, chini ya skrini kubwa, mwanamke mwenye kilemba cha njano anafuta padi ya kuchezea gemu kwa upindo wa gauni lake. Anaifuta tena. Ilikuwa safi tangu mwanzo.

"Mikono inatoka jasho," anasema, kisha anajicheka. "Mimi! Niliyemaliza jumba la mizimu bila kupepesa jicho, leo natetemeka kwa sababu ya mayai!"

Mtaani hapa hakuna anayemwita kwa jina lake. Wakubwa kwa wadogo wanamwita Bi Alama. Kazi yake ni kucheza magemu ya video, kusema ukweli wake na kuyapa alama juu ya kumi. Ndiyo, ni kazi, na inalipa kodi ya chumba hiki. Zaidi ya watu elfu arobaini wanamfuatilia mtandaoni, na wengi wao hawanunui gemu kabla hajafungua kinywa.

Ukuta wa kushoto umejaa kadi zake, moja kwa kila gemu. La mbio za magari: "Nane. Kona tamu, honi inakera." La mpira: "Sita. Kipa anadaka kama ana kinyongo na timu yake." La vita: "Tano. Risasi nyingi, sababu hakuna." La kutisha: "Tisa. Cheza mchana." La kilimo: "Saba. Nimevuna mpaka mgongo ukaniuma kweli."

Kadi ya mwisho ndiyo iliyotuleta hapa. Inasema: "Mbeba Mayai. Mbili. Baiskeli inavuta kushoto kama imelewa." Leo, mbele ya kadamnasi hii na wote wanaotazama mubashara, Bi Alama anacheza gemu hilo upya, kwa sababu alama ile aliitoa kimakosa. Akiharibu leo, hakuna atakayeiamini tena hata kadi moja ya ukuta huu. Na nyuma yake, kwenye benchi, wamekaa waliolitengeneza.

Ni kaka mtu na dada mtu. Kaka anaandika programu, dada anachora. Walilijenga gemu lao kwenye meza ya chakula ya wazazi wao kwa miaka miwili, wakiondoa kompyuta kila sahani zinapokuja. Mchezaji ni mpanda baiskeli anayepeleka trei za mayai sokoni. Ukiinama vibaya tu, mayai chini.

"Ile mbili ilitukata maini," dada mtu ananiambia kwa sauti ya chini. "Waliokuwa wananunua wakaacha siku ileile. Nikimwambia baba kwamba gemu ni zuri, ananiuliza, 'Hata Bi Alama kasema?' Basi, mjadala unaisha."

Kaka yake ameshaanza kutafuta kibarua ghalani. Anatazama tu ile padi inavyofutwa.

Lakini tuanze mwanzo, maana Bi Alama hakuzaliwa na padi mkononi. Alikuwa keshia katika duka la viatu, na ulimi wake haukuwa na breki hata wakati ule.

"Nilimwambia mteja kiatu kinambana, asinunue," anasimulia. "Bosi akaniambia kinachobana ni mdomo wangu, akanionyesha mlango."

Wakati huo mumewe, fundi wa redio na simu, alikuwa ametengeneza mashine ya gemu ambayo mwenye mali hakurudi kuichukua. Ilikaa kabatini ikila vumbi. Bi Alama aliitoa ili apoteze mawazo, akajikuta anaigombeza skrini kama anavyogombeza wauza nyanya. Mumewe akamrekodi kwa simu kwa utani. Watu wakacheka, wakaomba nyingine, na nyingine tena.

Kilichomtofautisha na wahakiki wengine ni chai. Hapa msomaji asinicheke, nimeiona kwa macho yangu. Kila gemu jipya huanza mikononi mwa mama mkwe wake, ajuza mwenye miwani minene anayependa magemu ya risasi kuliko yote. Kabla hajashika padi, mama mkwe anabandika sufuria ya chai ya maziwa jikoni. Akiinuka kuiangalia kabla haijachemka, gemu limeshindwa kumshika. Chai ikifurika na kuzima moto, gemu lina kitu.

"Mimi najua mbinu, naweza kudanganyika," anaeleza Bi Alama. "Mama hajui mbinu. Anajua chai yake tu. Akiisahau chai, ujue pana jambo."

Siku ya Mbeba Mayai, chai ilifurika. Ilifurika vibaya, jiko likazima na sakafu ikanata. Mama mkwe alikuwa anavuka daraja la tatu la mto, ulimi nje, akimtukana mbwa wa kwenye gemu.

Kisha Bi Alama akakaa na padi yake mwenyewe. Ile ya zamani, iliyochakaa rangi, ambayo haruhusiwi mtu mwingine kuigusa. Akaanguka langoni, mwanzoni kabisa mwa safari. Akaanguka tena. Baiskeli ikawa inamvuta kushoto, trei zinamwagika, na watengeneza gemu wakapewa maneno yao yote.

"Nilimwambia," anadakia mama mkwe, ambaye amekaa karibu na mlango wa jikoni. "Nilimwambia, 'Mwanangu, kwangu haivuti.' Akanijibu, 'Mama, wewe bado hujaizoea.' Mimi! Mimi niliyeua majambazi wote wa kisiwani!"

Chumba kizima kinaangua kicheko. Bi Alama anafunika uso kwa padi.

Watazamaji nao walimwandikia kwamba kwao haivuti. "Nikasema hawa ni mabinamu wa watengenezaji," anakiri. "Kiburi kilinijaa mpaka masikioni."

Aliyemfumbua macho ni mkwewe huyohuyo. Siku moja baada ya chakula cha mchana, padi ya mama mkwe ilikuwa kwenye chaji. Kumbe bibi alikuwa bado analicheza gemu lililopewa mbili, kimya kimya! Akaona isiwe taabu, akachukua padi ile iliyokatazwa. Haukupita muda, sauti ikatoka sebuleni: "Wewe! Hiki kidude chako ndicho kilicholewa!"

Mume wa Bi Alama aliifungua mezani. Kijiti cha kidole gumba, kile kinachoelekeza, kilikuwa kimelika ndani na hakirudi katikati. Kilikuwa kinaegemea kushoto muda wote.

"Magemu mengi yanapuuza mwegemo mdogo hivyo," fundi ananieleza huku akinionyesha kwa bisibisi. "Hawa vijana hawakupuuza chochote, maana yai halipuuzi. Na mke wangu kidole chake kimezoea. Miaka yote anakisukuma kulia kidogo bila kujijua; kwa magemu mengine ilitosha, kwa mayai haikutosha."

Bi Alama hakulala usingizi wa maana siku zile. Rafiki zake walimshauri aifute video, mambo yaishe.

"Nikifuta kimya kimya, na zile nyingine mtaziamini vipi?" anasema, na sasa hacheki. "Watu wananiamini na hela yao ya jasho. Hawa watoto waliniamini na kazi yao. Nilikosea hadharani, nitacheza hadharani."

Saa nne kamili. Mumewe anamkabidhi padi mpya, bado inanukia plastiki. Kwanza wananikaribisha mimi nijaribu, ili kupasha chumba joto. Niseme nini? Mayai yangu hayakufika hata langoni, na mama mkwe ameniuliza kama nyumbani huwa natumwa dukani.

Zamu ya Bi Alama. Baiskeli inatoka. Lango linapita, watu wanapiga makofi, na hapohapo baiskeli inakwenda kulia, kulia, kulia, mpaka mtaroni! Trei ya kwanza chini.

"Aaaah!"

Bi Alama anabonyeza kitufe. Anaanza upya. Kulia tena, mtaroni tena. Kaka mtu ameshika kichwa. Mtandaoni maoni yanashuka kama mvua: sasa inavuta kulia? Mimi mwenyewe nimesogea ukingoni mwa kreti kama ndimi niliyechora baiskeli.

"Legeza kidole!" mama mkwe anapiga kelele, ameshasimama. "Padi ni nzima, mwanangu! Ni wewe unayesukuma! Iache iende yenyewe!"

Bi Alama anashusha pumzi. Anainua kidole gumba, anakikunjua, anakirudisha taratibu. Baiskeli inanyooka.

Sasa inakwenda. Inapita shule, inapita kisima, inamkwepa mbwa kwa unywele. Chumba kinainama kushoto pamoja naye, kinainama kulia. Daraja la kwanza, la pili, la tatu. Kisha mlima. Trei mbili zinacheza nyuma, moja inateleza, inaanguka. Imebaki moja.

"Usiangalie mayai, angalia njia!" anapaza sauti mama mkwe.

"Naangalia, mama, naangalia!"

Anafika kileleni, anashuka, soko linaonekana, muuzaji wa kwenye gemu ananyoosha mikono na kupokea trei. Kwenye trei hiyo halijapasuka hata yai moja!

Chumba kinalipuka. Mtu ananikumbatia, simjui. Kreti zinapinduka, mume wa Bi Alama anarusha bisibisi hewani na nusura imrudie kichwani. Ndipo harufu inapotufikia, harufu nzito ya maziwa yaliyoungua.

"Mungu wangu, chai yangu!" Mama mkwe anakimbilia jikoni kwa mbio ambazo sikutegemea miguu ile iwe nazo.

Bi Alama anasubiri kelele zishuke. Anaibandua ile kadi ya mbili, anachukua mpya, anaandika akiwa ameipa kamera mgongo. Nawatazama dada na kaka. Wameshikana mikono kama wanaongoja matokeo ya mtihani.

Anageuka. "Saba."

Minong'ono inaanza. Wengi tulitegemea kumi, au tisa ya kufutia machozi. Bi Alama hayumbi.

"Baiskeli ni tamu, sijawahi kuendesha baiskeli tamu hivi kwenye skrini. Mbwa ni shetani, nampenda. Lakini muziki wa sokoni unarudiarudia mpaka unataka kutupa mayai mwenyewe. Na nikianguka mlimani, mnanirudisha mpaka langoni. Nimewakosea nini? Rekebisheni hayo, mniite tena. Na kwa ile mbili, nisameheni. Kosa lilikuwa langu na kidole changu."

Dada mtu ameshaning'inia shingoni mwa kaka yake, anarukaruka, machozi yanamtoka.

"Angetupa kumi ningejua ni pole," ananiambia akipangusa uso. "Saba hii ni yetu. Tumeifanyia kazi."

Kaka mtu amekwisha kumwendea Bi Alama na simu mkononi. "Dada, mlimani nikuweke uanzie wapi? Kwenye daraja la tatu panafaa?" Habari za ghala hazisikiki tena.

Watu wanapopungua, Bi Alama ananieleza mipango yake. Kuanzia sasa kila gemu litachezwa kwa padi tatu tofauti, moja ikiwa ya kuazima. Atayarudia magemu yote ya baiskeli na ndege aliyowahi kuyapa alama ndogo. Na anataka kutenga siku moja kila mwezi, vijana waje na magemu ambayo hayajakamilika, wasikie ukweli kabla hawajayapeleka sokoni.

"Mtu aambiwe kiatu kinabana kabla hajakivaa," anasema. "Kazi yangu ni ileile ya dukani, nimebadilisha bidhaa tu."

Kisha anapigilia msumari ukutani, anatundika padi yake ya zamani, na chini yake anabandika kadi aliyoiandika mapema, kabla sisi hatujafika. Nasogea kuisoma: "Bi Alama. Nne. Mkali kwa wenzake, hakujikagua mwenyewe."

Mama mkwe anatoka jikoni na sufuria nyeusi ti. Anavaa miwani, anaisoma kadi kwa kituo.

"Nne? Umejipendelea. Chai yangu imeungua yote."

Halafu anaweka sufuria chini, anaomba kalamu, na mbele ya ile nne anaandika kwa herufi kubwa za kutetemeka: "na nusu."

"Hiyo ni ya mlimani," anasema. "Nyingine utazitafuta mwenyewe."

"Nitazitafuta, mama," anajibu Bi Alama, na tayari ameshika padi mpya. "Mwaka huu hauishi kabla sijaipata saba yangu. Haya, bandika chai nyingine, kuna gemu la ndege hapa."